Vitabu Vinne Vyembamba Munanila

Kama uko Munanila, Manyovu au Heru Juu, najua saa hizi ukungu umeshashuka, mmezunguka moto, na redio iko dirishani au juu ya kinu kilichogeuzwa. Isogezeni karibu kidogo. Leo nina habari ya vitabu vinne.

Vitabu vyenyewe ni vyembamba. Kila kimoja kina kurasa 16 na pini mbili za chuma katikati. Nilivikuta Jumapili moja hapo Munanila, nje ya kanisa, juu ya kitenge kilichotandazwa kwenye nyasi. Muuza vitabu alikuwa amefika alfajiri kwa pikipiki, sanduku la bati limefungwa kwa mipira nyuma ya kiti. Alipolifungua vikatoka vile tunavyovijua sote: Biblia za zipu na zisizo na zipu, Misale ya Waumini, vijitabu vya novena, maisha ya watakatifu, rozari za plastiki, na hata Tenzi za Rohoni kwa ajili ya majirani wanaosali upande wa pili wa barabara. Halafu, pembeni kabisa, akapanga vile vinne. Vya watoto, vyenye picha za rangi, na vyote kutoka kwa mchapishaji mmoja mdogo, yuleyule aliyetoa vijitabu vya sala vilivyokuwa katikati ya kitenge.

Nilisimama pale karibu saa nzima. Mzee mmoja alitaka Biblia ya maandishi makubwa, akaijaribu kwa kuisogeza mbali na macho mpaka mkono ukaisha. Vijana wa kwaya walitaka daftari za noti. Watu wazima wakavipita vile vinne kwa macho, kama mtu anavyoipita bidhaa ambayo anajua si yake. Kisha akaja binti wa miaka minane hivi, mdogo wake kafungwa mgongoni kwa kanga. Akachuchumaa. Akafuta vidole kwenye gauni, kimoja kimoja, ndipo akafungua cha kwanza. Midomo ikawa inachezacheza. Mtoto mgongoni akamvuta nywele, yeye hana habari. Alivisoma vyote vinne palepale, bila kuketi, na alipomaliza akavirudisha kwa mpangilio uleule aliovikuta nao. Muuza vitabu alimwachia. Mungu ambariki mtu yule.

Mama yake alipofika aliuliza bei. Shilingi elfu tatu. Akafungua fundo la kanga, akahesabu, akanunua kitabu cha novena cha elfu mbili. Sikumlaumu, na wewe usimlaumu. Novena ile ataisali yeye, na dada zake, na jirani mwenye mgonjwa, na mwakani itasaliwa tena. Kitabu cha hadithi mtoto ameshakisoma bure mbele ya macho yake. Kwa nini akilipie? Mama yeyote mwenye akili ya kuendesha nyumba angefanya hivyo. Basi nikanunua mimi kile alichokirudia mara mbili, kitabu cha mbuzi asiyetaka kuvuka daraja, nikamwambia mama: nawaazima mpaka nitakaporudi. Akacheka, akasema basi twende ule kwetu, huwezi kuacha mali yako kwa watu usiojua wanakaa wapi.

Na hapo, msikilizaji, ndipo nilipojifunza jambo ambalo miaka yangu yote ya kupenda vitabu haikuwa imenifundisha.

Nyumbani kulikuwa na bibi. Alitupokea kwa ile salamu ndefu ya Kiha, ya kuinama kidogo na kupiga makofi polepole, makofi laini yanayosubiriana. Tulikula ugali wa muhogo na maharage. Bibi hajui kusoma. Kiswahili anakisikia vizuri, maana redio anaifuata, lakini kuzungumza anazungumza Kiha. Baada ya chakula akaomba aone kilichomfanya mjukuu wake achelewe kurudi. Akakishika kitabu, akakifungua katikati, akaanza kusimulia. Kwa Kiha. Alisoma picha.

Kwa bibi, mbuzi yule alikuwa amenusa chui. Alionyesha kichaka kilichochorwa nyuma ya daraja, akasema chui yumo humo, ndiyo maana mbuzi amekaza miguu. Binti akamkatiza kwa adabu, akasoma maandishi kwa Kiswahili, kidole kikifuata mstari: mbuzi aliogopa maji. Bibi akaitazama picha tena, karibu sana. Akauliza maji gani hayo ya kumtisha mbuzi, mbona hayafiki hata magotini? Tukaangalia sote. Kweli bwana, mchoraji alikuwa amechora kijito cha kuvuka bila hata kuvua viatu. Ukazuka ubishi. Binti anashikilia maandishi, bibi anashikilia picha, mama akaingia upande wa bibi, na yule mdogo, asiyejua bado upande wa kushika kitabu, akapiga ukurasa kwa kiganja na kupiga kelele kila jina la mbuzi lilipotajwa. Kitabu cha kurasa 16 kilitukalisha mpaka jua likainama.

Nilikuwa nikidhani kitabu cha picha ni ngazi ya chini ya kusoma, kitu cha kumpa mtoto mpaka atakapoweza kitabu halisi. Siku ile nikaona vingine. Kile kilikuwa kitabu pekee ndani ya nyumba ile ambacho bibi na mjukuu wangeweza kukisoma pamoja wakiwa sawasawa. Biblia ipo, imewekwa juu ya kabati imefunikwa kitambaa. Lakini Biblia binti anaisoma na bibi anasikiliza. Kitabu cha picha kilimpa bibi sauti.

Nanyi mnajua uzito wa jambo hili kwetu Buha, nchi ya Waha. Mtoto wa Munanila anafika darasa la kwanza na Kiha chake kimejaa tele, anaweza kukusimulia kila alichoona njiani, halafu mwalimu anafungua mdomo kwa Kiswahili na mtoto anakuwa bubu. Si mjinga. Amebadilishiwa maji ya kuogelea tu. Watu wa elimu waliliona hili. Katika mpango ulioitwa EQUIP-Tanzania, ulioanza mwaka 2014 na kuichukua Kigoma miongoni mwa mikoa yake, kulikuwa na mafunzo ya utayari wa kuanza shule: wiki kadhaa tu, chini ya kijana wa kijiji, kwa ajili ya watoto ambao hawakupata darasa la awali. Na njia yao kuu ilikuwa hadithi. Mtoto anaonyeshwa picha, anasikia Kiswahili, anajibu kwa chochote alicho nacho. Walioipanga kazi hiyo walijua alichokijua bibi wa Munanila: picha haina lugha, kwa hiyo inaweza kushika mkono wa lugha mbili kwa wakati mmoja.

Sasa turudi kwenye kile kitenge nje ya kanisa, maana kuna kitu pale kilinikaa kichwani.

Kijitabu cha sala kimefikaje Munanila? Kimetoka mbali. Pengine Peramiho au Ndanda kule kusini, pengine Dodoma, pengine Dar es Salaam. Reli ya kati imefika Kigoma tangu mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka pwani, na kutoka Kigoma bado kuna mlima wa kupanda mpaka huku Buha. Wilaya yenyewe imebadilika jina. Mpaka mwaka 2012 Munanila ilihesabiwa Kasulu, leo ni Buhigwe. Duka la vitabu vya hadithi halipo. Na bado kijitabu cha sala kinafika, kila mwaka, bila tangazo hata moja. Kanisa lilijenga njia ya vitabu kabla serikali yoyote haijajenga, likaitunza: kiwanda chake, sanduku la bati, katekista, meza mlangoni, Jumapili.

Kipalapala, Tabora, wamisionari walikuwa na kiwanda cha chapa kilichotoa gazeti la Kiongozi kuanzia mwaka 1950, na kutoka humo vikatoka vitabu vingi vilivyosomwa magharibi yote ya nchi hii. Waanglikana walikuwa na chapa yao Dodoma, Walutheri walikuwa na yao Vuga, kule Usambara. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipozigeuza Injili nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, vitabu vile vilitoka mwaka 1996 kwa Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Mtu aliyewahi kuwa Rais wa nchi aliipeleka kazi ya moyo wake kwenye kiwanda cha watawa kusini. Nadhani alijua vitabu vyao vinafika wapi.

Na ndugu zetu Waislamu wana njia yao, ya zamani zaidi ya hiyo. Pale Ujiji mtoto anashika juzuu kabla hajashika daftari la shule. Ameiona ya kaka yake, iliyochakaa pembe, na kaka yake aliikuta kwa mtu mwingine. Nje ya msikiti siku ya Ijumaa nako kuna mtu na kitambaa chake chini, na juu yake vitabu.

Basi mimi nauliza, kwa nini mbuzi wa hadithi hapitishwi njia hiyo?

Mtu ataniambia njia ya dini ni ya dini. Lakini historia yetu haisemi hivyo. Edward Steere, yule aliyefika Unguja mwaka 1864 na misheni ya Kianglikana ya UMCA na baadaye akawa askofu, alifanya kazi ya kutafsiri maandiko na wakati uleule akawa anaketi na wenyeji wa Unguja kusikiliza hadithi zao. Mwaka 1870 alizitoa kwa kitabu, kikachapwa London, na ndani yake mna kisa cha punda wa dobi ambacho wengi wetu tulikisikia kabla hatujajua kuna kitu kinaitwa kitabu. Misheni hiyohiyo, katika kiwanda chake cha Unguja, ikatoa mwaka 1896 kitabu cha hadithi kilichoitwa Kibaraka. Sala na sungura zimetoka katika wino mmoja tangu mwanzo. Waliozitenganisha ni sisi, tulipoamua kwamba hadithi ni kazi ya shule na sala ni kazi ya nyumbani. Na hadithi ilipokwenda shule ikafungiwa kabatini.

Kabati hilo nimeliona kwa macho yangu, katika shule ambayo siitaji jina. Mwalimu alilifungua kwa funguo mbili. Ndani mlikuwa na vitabu vya hadithi vizuri, vya rangi, vimepangwa, vinanukia upya wao, na vilikuwa vimeletwa miaka mingi nyuma. Nikamuuliza kwa nini watoto hawavisomi. Akanijibu bila kusita: vikipotea nitavilipa mimi. Kitabu kilichopokelewa kinaandikwa kwenye daftari la mali, na siku mkaguzi akija anahesabu. Kikiwepo, hata kama hakuna mtoto aliyekigusa, mwalimu amefaulu. Kikichanika kwa kusomwa na watoto 90, mwalimu ana kesi. Mimi simlaumu mwalimu yule. Namlaumu aliyetengeneza daftari lisilokuwa na safu ya kuandika neno moja: kimesomwa mpaka kimeisha.

Wakati huohuo, wanaovitengeneza vitabu hivi wanajikaza. Ngoja nikueleze habari ya bei, kwa sababu elfu tatu ile iliyomshinda mama wa Munanila haikutoka hewani, wala muuza vitabu hakuwa mlafi.

Kijitabu cha sala kinachapwa kwa wino mmoja, mweusi, juu ya karatasi nyepesi. Kitabu cha picha kinataka wino wa aina nne: buluu, njano, mwekundu wa waridi na mweusi. Rangi zote unazoziona, kijani cha mgomba, udongo wa ukutani, mwanga wa jioni, zinapatikana kwa vitone vya wino huo wa aina nne vikipandana. Kila wino na bamba lake la chuma. Mashine ikiwashwa, karatasi za mwanzo zinatupwa, mpaka vitone vikae mahali pake. Vikikosea kidogo tu, mbuzi anaonekana ana pua mbili. Gharama ya mabamba na karatasi zile za kutupa ni ileile, uchape nakala 500 au 5,000. Karatasi moja kubwa ikichapwa pande zote na kukunjwa mara tatu inakupa kurasa 16, ndiyo maana vitabu vile vinne vilikuwa na kurasa 16 kila kimoja. Mwandishi amepimiwa hadithi kwa mkunjo wa karatasi.

Sasa mwenye kitabu cha sala anajua atauza maelfu, mwaka huu na mwakani. Anachapa nyingi, gharama inagawanyika, kijitabu kinashuka bei. Mwenye kitabu cha mbuzi hajui nani atakinunua. Anaogopa. Anachapa kidogo, na gharama yote inawaangukia wale wachache. Kwa hiyo mtoto wa Munanila analipishwa hofu ya mchapishaji, na mchapishaji anaogopa kwa sababu hakuna barabara ya kumfikia mtoto wa Munanila.

Waliowahi kuikabili hofu hiyo wapo, na wanastahili kutajwa. Mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Walifanya jambo la akili: waliwafundisha waandishi na wachoraji, wakawaachia wachapishaji wa nyumbani watoe vitabu, kisha wao wakanunua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka shuleni. Mchapishaji akapata pumzi. Mwaka huohuo wa 1991 Walter Bgoya akaanzisha Mkuki na Nyota, baada ya miaka mingi ya kuiongoza Tanzania Publishing House. Elieshi Lema na Demere Kitunga walikuwa wameshaanza E&D, nyumba ndogo ya uchapishaji ya wanawake wawili ambayo watoto wengi wa nchi hii wamesoma kutoka kwake bila kulijua jina lake. Kisha, katikati ya miaka ya 2010, vitabu vya kiada vikarudishwa mikononi mwa Taasisi ya Elimu. Sitaki kuingia katika mjadala huo leo. Nasema tu kwamba mchapishaji mdogo aliyekuwa akila kwa kitabu cha hesabu ili aweze kutoa kitabu cha mbuzi, siku hizi hana kitabu cha hesabu. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza Aprili 13, 2023 kwa riwaya na ushairi, ilipowafungulia mlango na waandishi wa hadithi za watoto nilifurahi kwa dhati. Lakini tuzo inamfikia mwandishi. Yule binti anahitaji kitabu kimfikie yeye.

Nisije nikakusifia vyote vinne, nikaonekana mchuuzi. Cha kuhesabu sokoni ni kizuri: mafungu ya nyanya, mikungu, madumu ya mawese, na ukurasa wa mwisho mtoto anaambiwa atafute kuku aliyejificha katika kila picha. Cha Daudi mchungaji kilinisikitisha. Hadithi imesimuliwa vizuri, Kiswahili kimenyooka, lakini kondoo! Ni mipira ya sufu nyeupe, minene, ya nchi za baridi za Ulaya. Binti alinionyesha ukurasa akauliza huyu ni mnyama gani. Kondoo anawajua, wa kwao ana mkia mnene unaoning'inia na manyoya mafupi ya kahawia. Kijana Daudi angechunga hao wa Munanila bila shida, maana kondoo wa mkia mnene ndio wa nchi za Biblia pia. Na kile cha sala za kulala kina mtoto peke yake katika chumba chake, kitanda chake, taa yake mezani. Kwetu watoto wanalala watatu au wanne, miguu ya huyu kwenye mbavu za yule, na sala ya usiku inasaliwa na yule asiyesinzia bado.

Mtaniambia natafuta makosa madogo. Si madogo. Kule Kamerun, miaka ya 1970, Wakristo wa kabila la Wamafa waliigiza matukio ya Injili wao wenyewe, katika vijiji vyao, na maigizo hayo yakageuzwa kuwa picha. Yesu anazaliwa katika nyumba ya duara ya nyasi. Picha zile zimeenea dunia nzima, na hakuna aliyesema Injili imepungua. Nasi wachoraji tunao. John Kilaka, mzaliwa wa Sumbawanga, mtu wa mkono wa Tingatinga, amekwenda vijijini kukusanya hadithi za wazee na kuzichora. Kitabu chake cha kwanza kilitoka Uswisi kwa Kijerumani, mwaka 2001. Watoto wa Uswisi wakawaona wanyama wa Kilaka katika mashati yao ya vitenge, wakibeba samaki kwenda sokoni. Kutoka Sumbawanga mpaka kwetu ni safari ya siku moja au mbili. Kutoka Uswisi mpaka kwetu, kitabu kinaweza kisifike kamwe.

Natamani kitabu cha Buha. Kahawa iliyoanikwa juu ya vichanja na mtoto aliyepewa kazi ya kufukuza kuku. Mizinga ya Kibondo juu ya miti, na mrina asali anayeshuka usiku. Ukungu wa Munanila, ambao mchoraji atapata shida kuuchora na mtoto atautambua mara moja. Wazee wawili wakisalimiana kwa makofi. Wala mwandishi hahitaji kujaza maneno mengi chini ya picha hizo. Maneno bibi atayaleta mwenyewe.

Kwa hiyo maombi yangu leo ni ya karibu. Baba paroko, mchungaji, imamu, mzee wa kanisa, wewe unayempa ruhusa muuza vitabu kutandaza kitambaa chake: mwambie alete na vya watoto, na avipange katikati. Mchapishaji mdogo unayenisikia, kama tayari unachapa kijitabu cha sala nakala 10,000, panda njia ileile na kitabu cha picha, hata kwa wino wa aina mbili. Mtoto hatakulaumu kwa kukosa buluu. Mwenyekiti wa jumuiya, mnakusanya mchango wa mishumaa kila mwezi. Mchango wa mwezi mmoja unanunua vitabu vya kuzunguka nyumba kwa nyumba, kama sanamu ya Bikira Maria inavyozunguka mwezi wa Oktoba. Na wazazi wanaosema hadithi za mbuzi ni mchezo, nawaomba jambo moja tu: mpeni bibi kitabu, muone.

Nilirudi Munanila baada ya wiki sita. Mvua ilikuwa imenyesha, pikipiki iliniacha barabarani, nikapanda kwa miguu. Binti alinipokea, shikamoo, akaingia ndani na kutoka na kitabu. Jalada lilikuwa limeondoka. Kurasa zilinuka moshi, na moja ilikuwa na doa la mawese lililoifanya ionyeshe upande wa pili, hivi kwamba mbuzi alionekana amesimama juu ya maneno ya ukurasa unaofuata. Nikahesabu karatasi. Ya katikati haipo, ile ya daraja.

Nikamuuliza iko wapi. Hakujibu, alinishika mkono, akanipeleka mpaka chumba cha bibi. Ilikuwa ukutani, juu ya kitanda, imebandikwa kwa ugali. Nikainama niitazame vizuri, maana dirisha ni dogo. Pale kwenye kichaka, nyuma ya daraja, mtu alikuwa ameongeza masikio mawili kwa mkaa.